Mwaka wa Kunyunyizia Miche Ugonjwa

Wambui tulimzika Kachibora, nyuma ya nyumba aliyojijengea alipostaafu, siku ambayo mvua ilitishia tangu asubuhi na isinyeshe. Aliyesoma wasifu wake alisema marehemu alihudumu miaka mingi katika utafiti wa kahawa, kisha akaruka moja kwa moja hadi kanisani na kwenye chama cha akina mama. Nilikuwa nimeketi katika hema la wageni tuliotoka upande wa Bungoma. Mwanawe mkubwa akaja akaniinamia sikioni. "Anti, wewe ndiye ulikaa na yeye wakati mlikuwa wasichana. Si useme kitu kidogo tu." Nikasimama, nikapewa kipaza sauti, nikasema kwamba Wambui alikuwa mcheshi na alipenda kazi yake. Yote mawili ni kweli. Kisha nikanyamaza, na watu wakadhani kilio kimenishika, wakaanza kuimba ili kunisaidia, nami nikarudi kuketi. Hakikuwa kilio. Nilikuwa nimemkumbuka kuku wa Mama Cherop, na sikuona namna ya kuwaeleza watu wale, mbele ya jeneza, kwa nini kuku huyo tulimla huku tukiogopa kuinua macho.

Basi nieleze hapa. Sitaanza na wazazi wangu wala na Bumula nilikozaliwa. Naanza na chumba. Kilikuwa cha mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi, kwenye stesheni ndogo ya kupimia mimea nje kidogo ya mji wa Kitale. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja ambayo mguu wake mmoja tuliuegemeza kwa tofali, na dirisha lililotazama banda la kazi. Mimi nilikuwa nimetoka shule juzi tu. Wambui alinitangulia pale kwa msimu mmoja, kwa hiyo alijiona mkubwa wangu, na siku ya kwanza alinionyesha upande wangu wa rafu na kuniambia nisiliguse jiko lake la makaa kabla hajaniamini. Alipika githeri, mahindi na maharagwe, ya kutosha siku nzima, akaiacha ichemke taratibu huku tukiwa kazini, na tulipokuwa tukirudi saa za chakula tuliisikia harufu kutoka kwenye geti. Mimi nilimlisha saga iliyolazwa kwenye maziwa, mboga ambayo mwanzoni alisema ni chungu kama dawa, kisha akawa anaiulizia. Nikikumbuka chumba kile leo nashangaa jinsi tulivyokuwa na furaha ndani yake, kwa sababu kazi tuliyoifanya hatua chache kutoka pale ilikuwa kuua.

Ugonjwa wenyewe ni ukungu, aina ya kuvu. Tunda la kahawa likiwa bado kijani, doa dogo la kahawia hutokea ubavuni, likadidimia kana kwamba mtu amelibonyeza kwa kidole, likaenea, na baada ya muda mfupi tunda zima ni jeusi, limekauka tawini. Mwaka wa baridi na mvua nyingi, mkulima aliye juu mlimani anaweza kupoteza karibu kila kitu huku mti ukiwa na majani mazuri yanayong'aa. Kuna dawa ya kupulizia, lakini mvua huiosha, na lazima urudie tena na tena, na wengi hawakuiweza. Kazi ya stesheni ilikuwa kutafuta miti isiyoshikwa. Mbegu za mti unaopimwa tulizipanda kwenye masanduku ya mchanga uliokaangwa motoni. Zilipochipua, kila mche ulisimama mwembamba kama njiti ya kiberiti, umebeba mbegu yake kichwani kama kofia, na hapo hapo, kabla haujafungua jani hata moja, ndipo tulipounyunyizia ugonjwa. Tulikuwa tumeosha matunda meusi kwenye maji safi na kuyachuja. Maji hayo tuliyatia kwenye pampu ndogo ya mkono. Kisha tuliyafunika masanduku kwa nailoni na magunia mabichi ili kuwe na unyevu na baridi, tukangoja. Mche dhaifu hupata mstari wa kahawia shingoni, unakunjika, unalala. Mche wenye nguvu unabaki umesimama.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Wafula, mtu wa Bungoma kama mimi, mpole, mwenye ulimi uliochanganya l na r, aliyevaa koti lile lile la kijivu mvua na jua. Siku ya kwanza nilipoinua kifuniko na kuona sanduku zima limelala, nilisimama tu. Akaja nyuma yangu. "Usihurumie mche, Nasimiyu. Ukihurumia mche hapa, mkurima ndiye atalia huko nje." Niliyashika maneno hayo mwaka mzima. Nilikuwa nimeamini kwamba kila mche uliokufa mikononi mwetu ulimwokoa mtu fulani mahali fulani, na kwamba siku moja ningemwona mtu huyo.

Nilimwona mapema kuliko nilivyotarajia. Mzee Ndiema alikuja mwenyewe kutoka Cheptais, amevaa suti ya kwenda kanisani, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo. Tulimpa kiti nje ya banda na Wambui akamletea chai. Hakuinywa kwanza. Alifungua kitambaa mapajani, na ndani yake kulikuwa na mbegu za kahawa zilizoambuliwa na kukaushwa vizuri kivulini.

"Mimi iko na mti moja karibu na jikoni," alisema. "Hiyo mti haijui ugonjwa. Zingine zote zinakuwa nyeusi, hiyo inaiva nyekundu. Si mwaka moja. Kila mwaka."

Bwana Wafula alizichukua mbegu chache, akazigeuza kiganjani. Niliona uso wake ukibadilika, na yeye alikuwa mtu asiyebadilika uso ovyo. Alimwuliza mzee kuhusu urefu wa mti, rangi ya majani machanga, aliupata wapi. Mzee alijibu yote. Mti ulikuwa umetokana na miche ya kawaida ya sosaiti ya wakulima, sawa na mingine shambani mwake, lakini Mungu alikuwa ameubariki.

"Tutazipima, mzee," Bwana Wafula alisema. "Rakini usikimbilie kupanda. Ngoja tukuambie."

"Nimeshapanda," Mzee Ndiema akasema, na sasa ndipo akainua kikombe. "Nilitengeneza nasari ya miche mwaka jana. Zingine nimeingiza shambani, mahali nilikuwa na mahindi. Zingine ni za majirani. Wanakuja kila siku kuangalia. Mimi nimewaambia wangoje Kitale iseme."

Jioni hiyo, tukiwa chumbani, tulimsikia Bwana Wafula akizungumza nje ya dirisha na mgeni wa kazi aliyekuwa amelala stesheni. Mgeni alisema kwamba miti mipya, ile iliyokuwa ikitengenezwa kwa kuchanganya mbegu, ingechukua miaka mingi kabla ya kufika mlimani, na miche yenyewe itakuwa michache. "Na hao watu wafanye nini sasa?" Bwana Wafula akauliza. Wambui alikuwa akimenya viazi. Aliacha kisu juu ya meza, akanitazama. "Lakini kama huyu mzee yuko na mti tayari," akasema, "hawangoji mtu." Sote wawili tulikuwa tumeanza kuutaka mti ule uwe kweli. Hilo ndilo kosa katika kazi ya kupima, kuutakia mche mema, lakini sijui ni nani angeweza kukaa na mzee yule nje ya banda asiutakie.

Tulizipanda mbegu zake katika masanduku mazuri zaidi tuliyokuwa nayo, na pembeni tukapanda mbegu za mti tuliojua kuwa ni dhaifu, ili kulinganisha. Zikachipua pamoja. Siku ya kunyunyizia, mimi nilishika kifuniko na Wambui akashika pampu, na hakusema mzaha wowote, jambo lisilo la kawaida kwake. Katika kungoja kule tulipika, tulifua, tulienda mjini kununua viatu vya mitumba, tukazungumza juu ya wanaume tuliowajua na ambao hatukuwajua, na kila asubuhi mmoja wetu alijikuta ameshafika bandani kabla ya saa za kazi. Mwanzoni miche yote ilikuwa safi. Kisha ile dhaifu ikaanza kupata mistari, na ya Mzee Ndiema ikabaki safi, na Wambui akaimba alipokuwa akiosha masufuria. Kisha nikaona mstari wa kwanza kwenye mche wa mzee. Nilidhani ni tone la udongo. Niliupangusa kwa ncha ya kidole na haukutoka.

Miche ya mzee ilikufa kama ile mingine. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Ilichelewa siku chache, pengine kwa sababu ya mahali masanduku yalipokuwa, kisha ikalala safu baada ya safu. Bwana Wafula aliinama juu yake kwa muda mrefu mikono yake ikiwa nyuma. Lakini katika kona ya sanduku la mwisho kulibaki mche mmoja. Ulikuwa umesimama wima kati ya wafu, shingo nyeupe isiyo na doa. Wambui ndiye aliyeuona. Aliniita kwa kunong'ona kana kwamba ungeweza kushtuka.

"Huu tunampelekea mzee," akasema.

Bwana Wafula alikubali kwamba ni jambo jema, lakini akasema kilichopaswa kusemwa, kwamba mche mmoja unaweza kuwa ulikoswa na pampu tu. Lazima unyunyiziwe tena, peke yake, vizuri. Ukisimama, basi tuna kitu. Alikuwa na haki, na hata leo sina la kumlaumu. Wambui aliuhamishia kwenye kopo lake. Aliomba mimi ninyunyizie. Niliposhika pampu akabadili mawazo, akanipokonya, akasema kama ni kuuawa na mtu basi uuawe na anayeupenda, na tukacheka, na akanyunyizia kila upande, shingoni, chini, juu, bila kuupendelea hata kidogo. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi yake kwa uaminifu namna ile. Tulilifunika kopo. Tuliendelea kuishi. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta ameketi kitandani mchana, viatu vikiwa bado miguuni, na githeri imeungua jikoni hadi moshi umejaa chumba. Kopo lilikuwa miguuni pake, mche umelala. Nilifungua dirisha, nikalitoa sufuria nje, nikaketi kando yake.

Ilibidi mzee aambiwe, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika mlimani. Bwana Wafula alikuwa ameitwa Bungoma kwa mkutano, kwa hiyo gari la stesheni lilitushusha sisi wawili Cheptais asubuhi moja, na dereva akasema angeturudia alasiri. Mzee Ndiema alituona kutoka mbali. Kabla hatujafika uani, tulisikia kuku akikimbizwa.

"Mzee, tumekuja kidogo tu," Wambui akaanza.

"Mkule kwanza," mzee akasema. "Habari haikimbii."

Tulikaribishwa sebuleni, kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Mama Cherop, mkewe, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, na alitupa maziwa ya kibuyu, mazito, yenye chembe za mkaa uliosuguliwa kibuyuni, tukanywa. Mzee alituuliza habari za Kitale, mvua ya huko, afya ya Bwana Wafula. Hakuuliza juu ya mbegu. Chakula kikaja, ugali mkubwa na kuku mzima, na akatuwekea mimi na Wambui vipande vya wageni. Tulikula. Nilijua kwamba kila kipande tulichokubali kilikuwa kinafanya maneno yetu yawe magumu zaidi, na kwamba kukataa kungekuwa tusi. Wambui, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, alikula akitazama sahani yake.

Baada ya kula Mama Cherop alituletea maji ya kunawa. Alitunawisha, kisha akatoka na beseni kwa mlango wa jikoni, na kwa mwendo wa mtu anayefanya jambo bila kulifikiria, akamwaga maji yale kwenye shina la mti wa kahawa uliokuwa pale. Ndio ule mti. Ulikuwa umejaa matunda yaliyokaribia kuiva, wakati miti ya shambani ilikuwa na matunda madogo ya kijani kama njegere. Nilimtazama Wambui na yeye akanitazama.

"Mama," nikauliza, "maji ya vyombo huwa unamwaga hapo siku zote?"

"Na nimwage wapi? Hata kiangazi. Hata ya kuoga watoto."

Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yake. Kahawa hutoa maua ikipata maji baada ya ukavu. Mti ule ulipata maji kiangazi kizima, ukachanua kabla ya mingine, na matunda yake yalikuwa yameshakomaa na kupita umri wa hatari kabla ya mvua za baridi kuleta ukungu. Haukuwa na nguvu yoyote. Ulikuwa umekwepa tu, na watoto wake, waliopandwa shambani mbali na beseni la Mama Cherop, wasingekwepa chochote.

Wambui ndiye aliyesema. Aliliweka wazi, kwa heshima, bila kuzunguka. Alisema miche yote ilikufa, na ule mmoja nao, na akaeleza habari ya maji. Mzee Ndiema alisikiliza akiwa ameshika magoti. Alipomaliza, mzee aligeuka akamwangalia mkewe, kisha mti, kama mtu anayeangalia jirani aliyemficha jambo.

"Basi tumwagilie zote," akasema.

"Maji gani?" Mama Cherop akauliza. Mto ulikuwa chini bondeni, na ni yeye aliyekuwa akipanda na maji kichwani.

Mzee akainuka. Kisha akatupeleka shambani. Tulipita kati ya miche yake mipya, iliyofika kiunoni, majani ya kijani kibichi yenye kung'aa, safu zilizonyooka, mboji imewekwa vizuri kila shina. Sijaona kahawa changa nzuri namna ile kabla wala baadaye. "Ati ning'oe?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Nilimwambia kwamba mwaka wenye mvua ndogo miche hiyo ingeweza kumpa kitu. Nilimwambia kuhusu dawa. "Dawa tunaijua," akasema. Nilimwambia kwamba stesheni ilikuwa inatafuta miti mingine. "Itafika lini?" Nikakumbuka yule mgeni nje ya dirisha, nikasema bado haijulikani. Nilikuwa na elimu yangu yote pale, na sare ya stesheni, na mikono mitupu.

Tuliporudi uani tukakuta majirani. Walikuwa wameliona gari la stesheni likipita, wakajua Kitale imesema. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi na ukutani, wengi wao wanawake, na wengine walikuwa wamebeba mikebe na magunia ya kubebea miche. Wambui alipiga hatua mbele aseme, lakini Mzee Ndiema akamgusa bega, akasema ni watu wake, ataongea mwenyewe. Akaongea Kisabaoti. Sikuelewa ila neno moja, Kitale, ambalo alilirudia mara nyingi, na kila alipolitaja watu walitugeukia sisi kisha wakamgeukia yeye. Aliongea bila kuinua sauti. Alionyesha mti, akaonyesha beseni. Mtu mmoja akacheka kidogo kisha akaacha. Mzee alipomaliza nikangoja wasimame waende zao, au watukane, na ningekuwa nimefarijika kama wangetutukana.

Mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliyeitwa Chebet, akainuka. Akaenda kwenye nasari iliyokuwa kando ya nyumba, akachuchumaa, akaanza kuchagua miche. Alikuwa makini, anainua mmoja, anautazama chini ya majani, anauweka kwenye mkebe. Kisha mwingine akainuka, na mwingine.

"Hawakuelewa," nikamwambia Wambui. "Mzee hakuwaambia vizuri."

Wambui akamwendea Chebet, akamweleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba miche hii itashikwa na ugonjwa, kwamba tumeipima wenyewe. Chebet alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Mzee amesema," akajibu. Akampa Wambui mkebe amshikie, ili ajifunge mtoto upya, kisha akaupokea tena na kushukuru. Mzee Ndiema alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama watu wakimaliza nasari yake, na hakuwazuia wala hakuwahimiza. Nilisimama katikati ya uwanja. Watu walinipita kushoto na kulia, wakisema samahani, wakishuka njiani na miche vichwani. Gari lilipokuja nasari ilikuwa udongo mtupu.

Mwisho wa mwaka niliondoka stesheni nikaenda kusomea ualimu, na nimefundisha kilimo Bungoma hadi nywele zikawa nyeupe. Wambui alibaki. Alibaki na masanduku, na pampu, na magunia mabichi, na aliishi kuiona miti yenye nguvu ya kweli ikifika mlimani, ingawa Mzee Ndiema hakuiona. Watu husema basi kazi yake ilizaa matunda, na ni kweli, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulisema hivyo mbele yangu. Tulipokutana tulizungumza juu ya watoto wetu.

Mimi nilirudi Cheptais mara moja tu, miaka kadhaa baada ya siku ile, nikiwapeleka wanafunzi ziara ya masomo. Ulikuwa msimu wa baridi na mvua nyingi, na miti iliyotoka kwenye nasari ya Mzee Ndiema ilikuwa imezaa. Niliiona kutoka barabarani, matawi yaliyojaa hadi ncha, yote meusi. Sokoni nilimkuta Chebet akiuza vitunguu. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulisalimiana, nikamwuliza habari ya mtoto, akasema ameanza shule. Sijui kwa nini nililisema, pengine kwa sababu nilikuwa nimelibeba muda mrefu. Nikasema, "Lakini tuliwaambia."

"Mlituambia," akakubali. Alikuwa akinipangia vitunguu kwenye karatasi. "Na ulitaka tupande nini?"

Hakuuliza ili kunishinda. Aliacha mikono yake juu ya vitunguu, akanitazama, akangoja, kama mtu anayeamini kwamba safari hii huenda nimekuja na jibu. Kisha akaifunga karatasi na kunipa.